Mwanamke Aliyelia Matopeni

Joris alikuwa mchoraji wa vitabu vya katuni kutoka Ulaya. Alikuja kuchora habari za mafuriko yaliyoukumba mji wa Bi Tunu, na mama huyo akamsimulia yote yaliyomfika. Aliporudi na kurasa zake, alizitandaza mezani akangoja.

Bi Tunu alimtafuta mwanawe kwanza kwenye michoro. Alimwona juu ya paa, maji yamelizingira. Kisha akagusa picha ya mwanamke aliyepiga magoti matopeni, mdomo wazi, machozi tele.

"Na huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi sikupiga magoti, mwanangu. Nilishika kamba. Mtoto alishuka kwa kamba hiyo."

Joris alieleza kwa upole kwamba wasomaji wa kwao wako mbali. Wasipoona machozi, hawataguswa.

"Kwa hiyo nilie mimi ili waguswe wao?"

Joris aliinamia ukurasa, uso umemwiva. Akachukua ufutio, akafuta magoti, machozi na mdomo, mpaka pakabaki weupe mchafu katikati ya mvua.

"Basi niambie," alisema, "ulikuwaje siku ile?"

Wengi walikuwa wamemuuliza Bi Tunu maji yalifika wapi na nani alikufa; hili hakuna aliyemuuliza. Akainuka, akasukuma kiti nyuma, akatanua miguu sakafuni na kukunja ngumi mbele ya kifua, akavuta kana kwamba kamba ile ingalimo mikononi.

Joris akashika penseli, akaanza kuichora mikono yake.