Posa ya Digidigi

Pikipiki zilipokuwa zimekwisha kuingia mwituni, Digidigi alikwenda kumposa binti wa Funo. Funo akamtazama juu chini.

"Mume gani huyu? Akipita, hata majani hayana habari. Mimi nataka mkwe anayesikika."

Digidigi aliyameza maneno hayo, akaenda kwa fundi Nyegere. "Nitobolee bomba la moshi la pikipiki yangu, nikipita nisikike."

"Usikike mpaka wapi?"

"Mpaka ukweni."

Nyegere akatoboa. Pikipiki ikanguruma kama simba aliyenyimwa nyama.

Siku aliyopangiwa kurudi na posa Digidigi alivaa kanzu, akafunga mkaja wa mama mkwe nyuma ya kiti, akaondoka kwa kishindo. Alipofika uani kwa Funo akazima pikipiki. Mikeka ilikuwa imetandikwa, pilau inafuka, na watu hakuna. Aliyebaki ni Kobe, mshenga wake, maana miguu haikumruhusu kwenda mbali.

"Shikamoo, mzee. Wenyewe wako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wamemkimbia simba."

Digidigi akageuka haraka kutazama nyuma. "Simba gani?"

"Huyo uliyempanda."

"Na mzee Funo?"

"Ndiye aliyetangulia. Nilimsikia akilia, 'Heri yule mkwe wangu asiyesikika!'"

Digidigi hakuiwasha tena pikipiki. Aliishika usukani, akafuata njia waliyopita, akiisukuma polepole.

Hekaya imefika hapo. Wao wangali wanakimbia, naye angali anasukuma.