Shukrani za Mwanaima

Mwanaima aliikunjua karatasi yake jukwaani. Ukumbi wa kituo cha utafiti, pale Kisauni, ulikuwa umejaa pomoni. Bosi wake, Dakta Habib, alikuwa akitunukiwa kwa kuwalea vyema watafiti chipukizi, na Mwanaima ndiye aliyechaguliwa kutoa shukrani.

"Nilifika hapa miaka sita iliyopita, matope ya mikoko ya Jomvu Kuu yamenijaa kuchani," alianza. Watu wakacheka.

Hakutia chumvi. Dakta alimpa meza ya dirishani, penye upepo. Alimwita mwanangu, wala hakuwahi kumpandishia sauti. Na mara tatu Mwanaima alipoomba ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo, mara tatu akakosa, Dakta ndiye aliyemwagizia biriani akakaa naye mpaka machozi yakakauka.

"Riziki haivutwi kwa kamba," alimwambia mara ile ya mwisho. "Na wewe ukenda, hapa nitabaki na nani? Rudi kwa kaa wako, mwanangu."

Akarudi kwa kaa wa mikoko aliokuwa akiwatafiti. Akachimba, akapima, akaandika. Wenziwe walioanza naye walisafiri wakarudi wakiitwa Dakta. Yeye angali msaidizi. Hakumlaumu mtu. Alijiambia pengine kichwa chake ndicho kisichotosha.

Alipomaliza kusoma shukrani zake, ukumbi mzima ulisimama kumpigia Dakta makofi. Dakta akavua miwani, akajifuta macho kwa leso.

Nje, kwenye chai na mahamri, mama mmoja alimjia Mwanaima moja kwa moja. Alikuwa Bi Roseline, mwenyekiti wa bodi ya ule ufadhili, aliyetoka Nairobi kuja kukabidhi tuzo.

"Nilitamani sana kukuona," alisema, akimshika mikono. "Mara zote tatu wewe ndiwe uliyeongoza. Ilituuma kukuacha."

"Kuniacha?" Mwanaima alisema taratibu. "Kwa nini?"

"Tungefanyaje, mama? Dakta alitupigia simu kila mwaka, sauti inamkwama. Alituomba tusikutie mtihanini, maana ukipewa nafasi utashindwa kuikataa." Bi Roseline akainamisha kichwa, akashusha sauti. "Hebu niambie, yule mwanao mgonjwa wa moyo anaendeleaje?"

Mwanaima hakuwahi kuzaa.