Chanzo Huru

"Futa," mkutubi aliandika kwa mara ya tano wiki hiyo, akakibonyeza kitufe kama anaua mbu.

Makala yenyewe ilikuwa mistari sita kuhusu kampuni inayotengeneza spika za masikioni zisizo na waya, za bei ya chini. Basi. Hiyo nayo iingie kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, aliyoihariri bila malipo kwa miaka minne? Jumamosi wasimamizi wangehesabu kura na kuamua, na walishamdokeza kwamba akiutetea msimamo wake vizuri, naye watampa usimamizi. Cheo hicho alikitaka hadi akawa anakiota.

Aliyemkaba koo ni mtu mmoja tu, aliyejiita Mpita Njia.

"Spika hizi zinaongea Kiswahili," aliandika Mpita Njia. "Zinakutajia chaji iliyobaki na simu uliyounganishwa nayo. Kwa asiyeona vizuri, si jambo dogo."

"Leta chanzo huru," mkutubi akajibu. "Porojo zako si chanzo. Au kusoma kanuni kumekushinda?"

Jibu hilo alilisoma kwa sauti pale sebuleni, akacheka peke yake. Mkewe akamwonyesha kwa jicho kiti cha dirishani, alikokaa mama mkwe.

"Punguza makali. Mama yupo."

"Mama hasikii kitu, kaziba masikio kwa spika zake."

Kweli, mama alikuwa akiinong'oneza simu. Siku hizi macho yalikuwa yakififia na alizidi kuzungumza peke yake. Mkutubi alimwonea huruma. Alimheshimu mno mama huyo. Hakuwahi kukunja nne mbele yake.

Jumatano mjadala ulipoa ghafla, ikawa nafuu, maana siku hiyo aliomba ruhusa kazini ampeleke mama kliniki ya macho. Foleni ilikula asubuhi nzima. Yeye akasinzia kwenye benchi, mama akajipekulia majarida.

Alhamisi Mpita Njia akaibuka na chanzo: kurasa mbili nzima kuhusu kampuni ile, katika jarida la wenye uoni hafifu.

Mkutubi alipandwa na mori. "Jarida gani hilo lisilopatikana mtandaoni? Umeliokota jalalani? Siku nikikuona nalo uso kwa uso, nitakupigia magoti na kura yangu nitaibadilisha!"

Wahariri wenzake walimpigia makofi. Usimamizi ulishanukia.

Jumamosi asubuhi alitaka kupigilia msumari wa mwisho: athibitishe mwenyewe kwamba spika hizo haziongei Kiswahili wala nini. Mkewe akamkumbusha kwamba za mama ni za kampuni hiyo hiyo. Mkutubi akachuchumaa kando ya kiti cha dirishani, sauti imelainika.

"Shikamoo, mama. Naomba kuazima spika zako, dakika moja tu."

"Marahaba, mwanangu." Mama alizivua, akazirudisha kwenye kikasha chake, akamkabidhi. "Zivae, kisha uzisubiri zijitambulishe."

Akazivaa. Sauti ya kike ikasema kwa Kiswahili safi:

"Chaji, asilimia themanini. Umeunganishwa na simu ya Mpita Njia."

Mama alikuwa ameshachomoa jarida chini ya mto wa kiti.

"Piga tu magoti, mwanangu," alisema. "Zulia ni laini."