Sindano ya Alhamisi

Khalfani aliposukuma pembeni sahani ya tatu ya pilau ndani ya wiki moja, Mwamini alijua kuna mwanamke.

Mtu aliyekuwa akila mpaka ukoko, sasa anakula vijiko vinne, anajifuta mdomo na kusema ameshiba. Kitambi kilichokuwa kikimtangulia kila mlango pale mtaani kwao Tangini, Kibaha, kilikuwa kimenywea. Na kila Alhamisi anaaga kwamba anakwenda Marui, Kisarawe, kukagua mikorosho yake. Mikorosho gani hukaguliwa kwa marashi?

Alhamisi hiyo Mwamini alikodi pikipiki, akamfuata kwa mbali. Khalfani hakufika shambani. Aliingia kwenye zahanati ya kijiji, akatoka baada ya dakika kumi akichomekea shati, akaenda zake.

Mwamini akaingia, kanga keshaikaza kiunoni. Alimkuta muuguzi mmoja, Hajra, mwanamke wa makamo, akitupa sindano iliyotumika. Alijitambulisha kuwa mke wa Khalfani, akataka kujua mumewe analishwa nini humo ndani.

Hajra alimvutia kiti. Akamweleza taratibu kwamba Khalfani ana kisukari, na mishipa ya moyo wake imeanza kuziba. Daktari wa mjini alimwandikia sindano ya kila wiki. Dawa hiyo inaiga homoni ambayo utumbo huitoa mtu anapokula: inaupasha ubongo habari kwamba tumbo limeshiba, inashusha sukari, na inaulinda moyo pamoja na mishipa yake. Kwa mwendo aliokuwa akienda nao, pilau lile lingemzika. Alificha kwa kuogopa kumtia mkewe hofu.

Mwamini alilia bila kujizuia. Wiki nzima alikuwa akimlaani mumewe kimoyomoyo, kumbe mwenzake anapigania uhai. Alijiona mpumbavu wa wapumbavu wote wa Kibaha. Akaifungua ile kanga kiunoni, mpya kabisa, akamvika Hajra mabegani.

"Umeniokolea mume wangu," alisema. "Sijui nikushukuru vipi."

Hajra alimshika mkono, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Usinishukuru, bi mkubwa. Na mimi sikuwa tayari kufiwa na mume mara ya pili."