Breki za Marehemu

Nyamizi aliishusha baiskeli mwenyewe, maana katika mji ule baiskeli iliyoua mtu huning'inizwa darini, na haishushwi na yeyote ila mjane. Ilikuwa imekaa huko miaka miwili bila kuguswa na mtu. Lakini leo mtoto wake alikuwa anawaka homa mgongoni, na zahanati iko chini ya mteremko uleule uliomuua baba yake.

Aliipindua, ikasimama juu ya tandiko na usukani. Akajaza upepo, akatia mnyororo mafuta, akakaza nati. Breki aliziacha mwisho, kwa woga. Shemeji yake Lubinza, aliyekuwa amepakiwa nyuma siku ile akawahi kuruka, ndiye aliyewaambia waombolezaji kwamba breki zilikatika.

Alizungusha gurudumu kwa nguvu, akabana breki. Gurudumu likasimama papo hapo.

Akarudia. Likasimama. Akajaribu la mbele, nalo likasimama.

"Vipi hizo breki, shemeji?" Lubinza aliuliza, kasimama mlangoni.

Nyamizi aliachia breki. "Hazishiki hata kidogo."

"Haidhuru. Nitaendesha mimi, wewe keti nyuma na mtoto. Njia ile naijua."

Alikuja akaishika baiskeli, akaigeuza, akaielekeza barabarani. Wala hakuinama kuzitazama breki.

Mtoto alilia mgongoni. Nyamizi alikaza mbeleko kwa mkono mmoja. Mkono wa pili uliurudia usukani, ukabana breki, na vidole vilikataa kuachia.