Kombora Mezani kwa Mauricette

"Usiliweke chini," Firmin alisema, kwa sauti ndogo kama mtu anayeulizia bei. "Wala usiliinamishe. Likumbatie hivyo hivyo, dada."

Mauricette alikuwa amelinyanyua kombora kwenye meza yake ya gulio ili amwonyeshe mteja, mzee mmoja aliyetaka kitu cha kuzuia mlango. Lilikuwa kombora la ile vita ya babu zao, la kilo saba hivi, limeota kutu kuanzia kichwani hadi kitakoni. Mzee alikwisha kwenda zake kutazama vikombe. Mauricette alibaki ameliegemeza kifuani, akamuuliza Firmin, mdogo wake, lina nini.

"Limelala tu. Halijafa."

Firmin hakuwa mtu wa kubahatisha. Alitegua mabomu miaka ishirini na sita, na mkono wake wa kushoto ulistaafu ukiwa na vidole vitatu. Kwetu Somme, Ufaransa, ambako vita ile ilipiganwa, mkulima huvuna viazi na makombora katika shamba moja, na kila nyumba ina lake limesimama kando ya meko. Ndiyo maana asubuhi ile hakuna aliyejiuliza hili limetoka wapi. Mauricette alidhani limetoka kwenye makasha ya Hervé. Hervé alidhani ni la Mauricette.

Hervé alikuwa mchumba wa Mauricette. Walikutana kwenye dansi miezi minane iliyopita, Mauricette akiwa mjane wa miaka hamsini na tisa, Hervé na viatu vyake vyeupe. Jumamosi wangefunga ndoa, nyumba ya ukingoni mwa mto aliyoachiwa Mauricette na mama yake ingeuzwa, naye angemfuata mumewe kusini kwenye jua. Basi alikuwa akiuza kila kitu katika gulio la mtaa: sufuria, mapazia, saa ya ukutani. Majirani walimsema Hervé, kwamba anaifuata nyumba tu, mpaka wakachoka. Firmin hakuwahi kumsema hata mara moja.

"Tuwaambie watu wakimbie," Hervé alinong'ona. Uso ulikuwa umempauka.

"Ukipiga kelele watakanyagana, na mmoja atamgonga dada. Simu nayo usiiguse," Firmin alisema. "Nipe dakika tano nikifungue kichwa cha kombora. Nahitaji mikono yangu yote miwili, kwa hiyo wewe lishike kwa chini. Bega la dada lina yabisi, hatafika dakika tano."

Gulio liliendelea kana kwamba hakuna lolote. Moshi wa soseji ulipita juu ya meza. Mwanamke mmoja aliuliza bei ya chujio, Mauricette akamjibu yuro mbili huku machozi yakimtiririka, na yule mwanamke akasema moja na nusu. Mauricette akakubali. Aliogopa. Wala hakuona haya kulia mbele za watu.

Hervé alisema bora yeye awahi kuwaita wazima moto, ndivyo sheria inavyotaka, mambo haya yana wenyewe. Firmin akamwambia mwenyewe ndiye huyu hapa mbele yake. Hervé akasema mgongo unamsumbua tangu majuzi. Akauokota ufunguo wa gari mezani.

"Mpenzi, nakuja sasa hivi," alisema.

Alikwenda kwa mwendo wa kawaida mpaka kwenye makasha ya vitabu, halafu akatimua mbio. Mauricette aliviona viatu vyeupe vikivuka daraja, na upande wa pili havikusimama.

Bega lake likaanza kutetemeka. Kombora likateleza upana wa kidole.

"Firmin, siwezi."

"Unaweza."

"Siwezi. Linaondoka."

Ndipo mikono miwili ikaingia chini ya kile chuma, mikono mipana inayonuka mafuta ya mashine. Ilikuwa ya Anselme, muuza bawaba na makufuli wa meza ya jirani, ambaye tangu saa moja asubuhi alikuwa akigombana na Mauricette kwamba meza ya Mauricette imemlia sentimita arobaini za nafasi. Alikuwa amesikia kila neno. Alifumba macho, na midomo ilimcheza kama mtu anayesali kimyakimya.

"Nenda zako, Anselme," Mauricette alimwambia. "Una wajukuu."

"Nyamaza, mwanamke wewe, utalitikisa. Na usidhani nimekusamehe."

Walisimama hivyo, kombora katikati yao, kila mmoja akiisikia pumzi ya mwenzake. Mauricette aliliona jasho likimshuka Anselme hadi kidevuni, akatamani kumfuta, akakumbuka kwamba hana mkono wa kufanyia hivyo. Aliwaza kwamba akifa sasa atakufa pamoja na mtu aliyemwita mwizi mara mbili kabla hawajanywa kahawa, na wazo hilo likamliza upya.

Firmin alikishika kichwa cha kombora, akakizungusha. Chuma kikalia. Mzunguko mmoja, wa pili. Anselme aliegemeza paji la uso wake kwenye paji la uso la Mauricette, na hakuna aliyevuta pumzi. Kichwa kikatoka.

Firmin alichungulia ndani, kisha akatazama kule darajani kwa muda mrefu, mpaka akahakikisha kwamba hakuna anayerudi.

"Mwaga tu, dada," alisema. "Ni mchanga wa bustanini kwangu. Nililiweka hapo mezani ulipokwenda kununua kahawa."