Tanga la Bi Kidawa

Asubuhi Bi Kidawa alifungua mlango akakuta majirani wametandika mikeka uani kwake. Nyumba zote za mtaa ule zilijengwa kwa ramani moja na kupakwa rangi moja, na leo wenye nyumba nao walikuwa wamevaa nyeusi. Walikuwa wanalia.

"Nani kafa?" aliuliza.

Hakuna aliyegeuka. Bwana Lukindo, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa anagawa kahawa.

"Mbishi, lakini alikuwa jirani yetu," alisema. "Miaka sita tunamwomba afunge kilango chake cha nyuma, watu wa bondeni wasipite kwetu kuchota maji. Mungu amsamehe."

"We Lukindo! Unanililia nami nakutazama?"

Mama Tuse wa nyumba ya pili alipangusa machozi. "Kesho mafundi wanakuja kuziba. Angekuwa hai, angewatukana mpaka wakimbie."

"Niko hai, mwenzangu!" Bi Kidawa alimshika bega.

Mama Tuse alijifunika kanga vizuri. "Kibaridi hiki kimetoka wapi?"

Mara ndoo zikagongana kule nyuma. "Hodi, bibi! Ni sisi, tumefuata maji."

Kilio kilikatika. Waombolezaji wote walitega sikio, kuona kama kuna atakayeitikia.

Bi Kidawa alipita katikati yao, akafika kwenye kilango, akashika komeo kwa mikono miwili.

"Karibuni!" alisema kwa sauti yake yote.

Nyuma yake, vikombe vya kahawa vikaanza kudondoka mikononi mwa watu, kimoja kimoja.